Maafikiano Yasiyoujua Mwili: Kudai Fidia Zaidi baada ya Kutia Saini, kwa Kuangalia Mazingira ya Mwabungo, Kwale

Miongoni mwa watetezi wa kampuni za bima nchini Kenya kuna kauli iliyorudiwa hadi ikapata sura ya kanuni: mtu aliyeumizwa akishatia saini hati ya kumaliza madai na kupokea pesa zake, hana tena la kudai, hata hali yake izorote namna gani baadaye. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Hayapingi maafikiano yenyewe, kwani bila ya maafikiano mahakama zetu zingezidiwa na wagonjwa wangelipwa wakiwa kaburini. Yanapinga dhana kwamba saini inaweza kuuza kitu ambacho muuzaji hakujua kuwa anacho. Hoja yangu ni kwamba katika madai ya majeraha ya mwili, maafikiano humfunga mtu kwa kadiri ya yale aliyoyajua, au aliyoelezwa waziwazi, kuhusu mwili wake siku aliyotia saini. Madhara yaliyokuwepo siku hiyo na ambayo hakuna aliyeyatambua hayakuwa sehemu ya biashara ile, kwa hiyo hayajalipwa. Nitaonyesha pia kwamba msingi wa msimamo huu umo tayari katika sheria ya Kenya, ila umezoeleka kurukwa.

Hati na mazingira yake

Hoja hii inafaa kupimwa mahali mahususi, kwa sababu kauli ya wapinzani hupata nguvu pale tu mdai anapofikiriwa kuwa mtu asiye na mahali, mwenye wakili hodari na muda wa kungoja. Mwabungo ni kijiji cha Kwale kilicho upande wa kusini wa Diani, karibu na barabara kuu itokayo Likoni, ikapita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania. Wapo wavuvi, wakulima wa minazi na mihogo, waendesha bodaboda, na wafanyakazi wa hoteli za Diani na Galu wanaopanda bodaboda hizo alfajiri na usiku. Mtu akigongwa hapo hukimbizwa hospitali ya rufaa ya Msambweni. Akihitaji mtaalamu au kipimo kisichopatikana huko, huenda Mombasa, safari ya kuvuka feri akiwa na magongo. Akitaka mahakama ya Kwale, hupanda hadi Ukunda, akabadilisha gari kwenda Kombani, kisha akaupanda mlima. Kila hatua ina nauli yake, na aliyevunjika mguu hasafiri peke yake. Katika hali hiyo, pesa zinazotolewa mwezi wa nne baada ya ajali ni karo ya mtoto, deni la dukani na bili ya hospitali kabla ya kuwa fidia. Anayezipokea hajapima thamani ya nyonga yake. Amepima njaa ya wiki ijayo.

Hati yenyewe, ambayo watu wengi huiita dischaji vocha, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa kawaida ni karatasi moja, aghalabu kwa Kiingereza. Juu kuna jina la kampuni na nambari ya dai. Katikati kuna kiasi cha pesa, kwa tarakimu na kwa maneno. Chini yake hufuata sentensi moja ndefu inayomwachilia mwenye gari, dereva na kampuni ya bima kutokana na madai yote, yaliyopo na yatakayokuja, yanayojulikana na yasiyojulikana. Mwisho kuna nafasi ya saini au dole gumba, na nafasi ya shahidi. Hakuna mstari unaouliza daktari alisema nini, iwapo jeraha limetulia, wala ni hatari zipi ambazo mgonjwa ameelezwa kuwa huenda zikamfika. Kila kinachohusu pesa kimeandikwa, ilhali mwili unaolipiwa haukutajwa.

Penye makubaliano

Yapo mambo ambayo hayana ubishi mkubwa, na hayahitaji kutuchelewesha. Kesi iliyosikizwa ikaamuliwa haiwezi kufunguliwa upya kati ya pande zilezile kwa jambo lilelile. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kimelifunga hilo, na njia inayobaki ni rufaa au mapitio ya hukumu. Mfanyakazi aliyeumia kazini, awe mkata miwa wa Ramisi au mpishi wa hoteli Diani, yumo chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Huyo huenda kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na asiporidhika ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Mtoto naye ana ulinzi wake: chini ya Agizo la 32 la Kanuni za mwaka 2010, anayemwakilisha katika kesi hawezi kuafikiana kwa niaba yake bila ya idhini ya mahakama. Sheria inakiri hapo kwamba yapo maafikiano ambayo saini peke yake haitoshi kuyahalalisha. Ugomvi wetu unaanzia kwa mtu mzima aliyeumizwa barabarani, akatia saini hati kabla ya kesi kusikizwa, kisha mwili ukafichua jambo jipya.

Penye ugomvi

Ngome ya wapinzani ni uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2015 katika shauri la Trinity Prime Investment dhidi ya kampuni ya bima ya Lion of Kenya. Mahakama ilisema kwamba hati ya kumaliza madai iliyotiwa saini ni mkataba uliokamilika. Hata kama malipo yalipungua kuliko hasara, aliyeyakubali kwa kutaka kulipwa haraka, bila ya kulaghaiwa wala kupotoshwa, amefungwa nayo. Siuoni uamuzi huo kuwa mbaya kwa watu uliowahusu. Mdai alikuwa kampuni ya uwekezaji, ikidai kwa bima yake yenyewe. Hasara ya namna hiyo huhesabika: kuna mali, kuna bei, kuna mthamini. Kampuni iliyokubali pungufu ilijua kuwa inakubali pungufu. Kuuchukua uamuzi huo na kumvika abiria wa bodaboda wa Mwabungo ni kudai kwamba yeye naye alijua kiasi alichoacha. Hilo ndilo linalohitaji kuthibitishwa, na ndilo ambalo wapinzani hulichukulia kuwa limekwisha thibitika.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa zamani, na unatajwa kila mara kwa nusu. Mahakama zetu zinapokataa kutengua hukumu ya maafikiano, hurejea shauri la Hirani dhidi ya Kassam, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1952, likafuatwa katika Brooke Bond Liebig dhidi ya Mallya mwaka 1975, na kuungwa mkono tena katika Flora Wasike dhidi ya Destimo Wamboko mwaka 1988. Wanaolitaja husema kwamba maafikiano hutenguliwa kwa ulaghai au njama tu. Lakini kanuni ya Hirani haikuishia hapo. Baada ya ulaghai na njama, na baada ya mapatano yanayokwenda kinyume na sera ya mahakama, iliendelea kutaja ridhaa iliyotolewa bila ya kuwa na mambo ya msingi ya kutosha, ridhaa iliyotolewa kwa kuyaelewa visivyo, na ridhaa iliyotolewa kwa kutoyajua kabisa. Kisha ikafunga kwa kutaja sababu yoyote inayoweza kutengua mkataba. Sababu hizo tatu za katikati zimesimama pembeni ya ulaghai, hazikuwekwa chini yake. Mtu hahitaji kuonyesha kwamba alidanganywa. Inatosha kuonyesha kwamba ridhaa yake ilikosa mambo ya msingi. Kama kanuni hii inaweza kutengua hukumu, ambayo ina muhuri wa mahakama, basi karatasi iliyotiwa saini juu ya meza ya wakala haiwezi kudai heshima kubwa zaidi.

Mpinzani makini atajibu kwamba mambo ya msingi ni yale yaliyokuwepo siku ya ridhaa, na kwamba ugonjwa uliozuka miaka miwili baadaye ni tukio la mbele, si jambo lililofichika. Jibu hili lina uzito, na ndilo linalotulazimu kuingia katika tiba. Tuchukue mfano wa kudhania. Matatu inaigonga bodaboda kwenye barabara kuu karibu na Mwabungo, na abiria anateguka nyonga. Inarudishwa mahali pake hospitalini, picha zinaonekana nzuri, anaanza kutembea. Mwezi wa nne anatia saini. Katika mwaka wa pili maumivu yanarudi, na picha mpya inaonyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu na kinaporomoka. Sasa anahitaji nyonga bandia. Madaktari wa mifupa wanaijua vizuri hatari hii baada ya nyonga kuteguka, na wanajua kuwa inaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka miwili au zaidi, kabla ya kuonekana. Lakini mishipa ya damu haikuharibika katika mwaka wa pili. Iliharibika pale barabarani, siku ya ajali. Siku ya saini madhara yalikuwemo mwilini tayari, ila hayakuonekana. Huko si kutabiri mambo ya mbele kwa makosa. Ni kutojua jambo lililokuwepo, na ndiko Hirani ilikokutaja.

Mpaka wa hoja yangu unatokea hapo hapo. Ikiwa ripoti ya daktari ilisema waziwazi kwamba nyonga hii yaweza kuharibika, na mgonjwa akaelezwa kwa lugha anayoielewa, na kiasi cha pesa kikazingatia hatari hiyo, basi hatari imeuzwa na imelipwa. Hali ni hiyo pia kwa maumivu ya viungo ambayo kila mtu aliyatarajia, yakaja makali kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Kinachobaki wazi ni madhara ambayo hayakutajwa kokote na ambayo, yangejulikana, yangebadilisha mapatano. Sheria ya madai ya California imekuwa na kifungu cha namna hii tangu 1872, kifungu cha 1542: kuachilia madai kwa jumla hakugusi dai ambalo mdai hakulijua, ikiwa kulijua kungeathiri maafikiano kwa kiasi kikubwa. Ni kweli kwamba huko watu huruhusiwa kuuacha ulinzi huo. Lakini ulinzi ndio mwanzo, na anayetaka uachwe ndiye anayebeba kazi ya kuonyesha kuwa umeachwa kwa kujua.

Nguzo ya pili inatoka katika sheria ya kazi. Katika Thomas De La Rue dhidi ya David Opondo Omutelema, mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ilikataa kwamba hati ya kumaliza madai, kwa kuwepo kwake tu, inaweza kumzuia jaji asichunguze haki ya mfanyakazi. Haikusema kwamba hati hizo ni batili. Ilisema kwamba kila shauri litazamwe lenyewe: je, hati ilitiwa saini kwa hiari, na aliyetia saini alikuwa na taarifa na ujuzi wote uliohusika? Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa aliyeumizwa. Inawezekana kuambiwa kwamba uamuzi huo ni wa mahusiano ya kazi tu. Sioni sababu ya maana ya kuufungia huko. Mfanyakazi hulindwa kwa kuwa ni mnyonge mbele ya mwajiri mwenye karatasi. Mgonjwa wa Mwabungo ni mnyonge zaidi mbele ya bima, kwani mfanyakazi angalau anaujua mshahara wake, ilhali mgonjwa haujui hata mfupa wake.

Nguzo ya tatu ni Sheria ya Ukomo wa Mashauri. Dai la uzembe hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Hata hivyo, vifungu vya 27 hadi 30 vinaruhusu mahakama kuongeza muda katika madai ya majeraha ya mwili pale ambapo mambo ya msingi hayakujulikana kwa mdai, na miongoni mwa mambo hayo ni aina na ukubwa wa jeraha. Kwa hiyo Bunge limekwisha kukiri kwamba mtu anaweza kuishi na jeraha asilolijua ukubwa wake bila ya kosa lake. Ni vigumu kueleza kwa nini kutojua huko kumsamehe aliyenyamaza miaka mitatu, kisha kusimsamehe aliyejitokeza mapema akaafikiana kwa nia njema.

Jeraha lingojewe

Kanuni kwamba fidia hutolewa mara moja tu ina nasaba yake. Katika Fetter dhidi ya Beale, mwaka 1701 huko Uingereza, mtu aliyepigwa alilipwa fidia. Baadaye kipande cha mfupa wa fuvu lake kikatoka kwa sababu ya kipigo kilekile, akashtaki tena, akakataliwa. Kenya iliipokea sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa sheria ya 1982, iliyoruhusu fidia ya muda: mdai hulipwa kwa hali aliyonayo, na ikiwa maradhi makubwa yaliyotajwa yatazuka, anarudi kudai zaidi. Ulegezaji huo haukutufikia, kwa hiyo tumebaki na ugumu ambao waasisi wake wameuacha. Lakini kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama, kinachoileta sheria hiyo ya kawaida, kinaiwekea sharti: itumike kadiri hali ya Kenya na wakaazi wake inavyoruhusu, na kwa marekebisho ambayo hali hiyo inayalazimu. Mahakama inayouliza iwapo kanuni ya 1701 inafaa Mwabungo haivuki mamlaka yake. Inatekeleza masharti ya kifungu.

Na hali ya wakaazi wa Mwabungo ni pamoja na fikra zao za haki. Wadigo wa pwani ya kusini kwa wingi wao ni Waislamu, na katika fiqhi suala hili ni la kale. Imepokewa katika Musnad ya Ahmad na Sunan ya Daraqutni kwamba mtu alichomwa pembe gotini, akataka kisasi hapo hapo. Mtume akamwambia angoje apone, naye akashikilia, akapewa. Kisha akawa kilema, akarudi kulalamika. Hakuongezewa kitu, na ikakatazwa tangu hapo kulipizwa jeraha kabla halijapona. Wanazuoni walijadili nguvu ya mapokezi haya, na wakatofautiana iwapo kungoja ni wajibu au ni bora tu, kama walivyoona Washafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu. Msomaji wa juu juu atasema kisa hiki kinawasaidia wapinzani, kwa kuwa kilema hakurudishiwa chochote. Kinawasaidia kwa sharti moja ambalo hawalitimizi. Mtu yule alionywa. Mlango ulifungwa kwa sababu aliambiwa asubiri, akajua hatari, akachagua haraka. Mahakama za Kadhi hazina mamlaka juu ya majeraha ya ajali, wala sitaki zipewe. Ninachosema ni kwamba jamii hii inayo tayari akilini mwake kanuni iliyo kamili kuliko hati ya bima: kwanza onya, kisha funga.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba bima za magari ya abiria zitafilisika. Historia haiungi mkono hofu hiyo kwa namna inavyotolewa. United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Standard mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011 na Concord mwaka 2013. Zote zilianguka wakati kauli ya saini moja ya mwisho ikitawala bila ya mshindani. Kama kauli hiyo ingekuwa dawa, zingepona. Zaidi ya hayo, dhima ya bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Fidia ya nyongeza ingehesabiwa ndani ya kikomo hichohicho, baada ya kutoa kilicholipwa awali. Bima haiombwi kubeba mzigo usio na mwisho. Inaombwa kulipa kile ambacho ingelipa kama ukweli ungejulikana mapema.

Pingamizi la pili ni ulaghai, na hili silipuuzi. Madai ya uongo yapo, na kila mwenye kutembea mahakamani anayafahamu. Lakini ulaghai hustawi zaidi katika haraka kuliko katika uchunguzi. Dai la nyongeza lingeanza kwa kuomba idhini, kwa picha na ripoti za kabla na baada, na daktari wa upande wa pili akipewa nafasi ya kumpima mgonjwa. Ni vigumu kughushi mfupa uliooza. Pingamizi la tatu, kwamba Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza maafikiano, linanisaidia mimi. Watu huacha kuafikiana wanapoona majirani zao wamefungwa na karatasi wasizozielewa. Maafikiano yanayoaminika ni yale ambayo mtu hapotezi kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kusuluhisha.

Yanayofuata

Mapendekezo ni machache. Hati iwe na Kiswahili pamoja na Kiingereza, kwani zote mbili ni lugha rasmi za nchi. Iambatishwe maelezo ya daktari yanayotaja kama jeraha limetulia na ni madhara gani yanaweza kufuata, na mgonjwa atie saini chini ya maelezo hayo kando na saini ya pesa. Ambaye jeraha lake halijatulia apewe malipo ya awali ya kujikimu bila ya kuachilia dai. Bunge liidhinishe fidia ya muda kwa mfano wa sheria ya 1982. Na aliyegundua madhara yaliyofichika apewe mwaka 1 tangu kuyajua ili aombe idhini ya kudai nyongeza.

Lakini sehemu kubwa ya haya haimngoji mbunge yeyote. Hakimu anayeketi Kwale, akiletewa hati ya mtu wa Mwabungo ambaye nyonga yake imekufa, anayo Hirani yote, si nusu yake. Anacho kipimo cha Omutelema. Anavyo vifungu vya ukomo na sharti la Sheria ya Mahakama. Swali lake liwe moja tu: siku ile, mtu huyu alijua nini? Jibu likiwa kwamba hakujua wala hakuelezwa, ridhaa ilipungukiwa na mambo ya msingi, na kilichosalia ni kuhesabu tofauti. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimisha kila mwenye gari kulipia bima kabla ya kuingia barabarani ili anayeumizwa na gari hilo asibebe hasara peke yake. Hatari ya mwili usiojulikana imekwisha kukusanyiwa pesa. Kumrudishia mgonjwa hatari hiyo kwa nguvu ya karatasi asiyoielewa ni kumtoza mara ya pili, naye ndiye aliyekwisha kulipa kwa mguu wake.